Barua Ilifika, Deni Likabaki Seoul

Katika Il Mare, filamu ya Kikorea ya mwaka 2000, mwanamke anamwandikia barua mwanamume anayeishi miaka miwili nyuma yake. Anamwomba jambo moja: amsaidie ili mchumba aliyemwacha asimwache. Mwanamume huyo, ambaye kufikia hapo ameshampenda mwandikaji wa barua, anakubali. Anakwenda, anagongwa na gari, anakufa. Aliyeomba ni mwanamke, aliyekwenda ni mwanamume, na kama safari ile ingefanikiwa, mwenye kufaidika angekuwa mtu wa tatu.

Hollywood iliichukua hadithi hiyo mwaka 2006 ikaiita The Lake House. Ajali ilibaki. Sanduku la barua linalopitisha karatasi kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine lilibaki. Pengo la miaka miwili, nyumba ya vioo iliyosimama juu ya maji, baba msanifu majengo asiyeelewana na mwanawe, mbwa, vyote vilibaki. Kilichoondolewa ni lile ombi. Katika toleo la Marekani mwanamume anakwenda kwenye ajali kwa hiari yake, kwa sababu anakumbuka kuwa mpenzi wake aliwahi kutaja katika barua kwamba siku ile angekuwa mahali pale. Anakwenda kumtafuta yeye. Hakuna aliyemtuma.

Badiliko hilo linaonekana dogo, pengine hata la busara, maana linapunguza mhusika mmoja na kunyoosha njia ya hadithi. Lakini ndilo lililoigeuza filamu kuwa kitu kingine kabisa. Anayetaka kujua kwa nini mapenzi ya Kikorea hupoa yanapovuka bahari ya Pasifiki aanzie hapo, kabla hajafika kwenye waigizaji, lugha au bajeti.

Tuutazame mtambo wenyewe. Filamu ya Lee Hyun-seung inaanza Desemba 1999. Eun-joo, msichana anayefanya kazi ya kuingiza sauti katika filamu za katuni, anahama nyumba ya pwani iitwayo Il Mare, neno la Kiitaliano lenye maana ya bahari. Anaacha kadi ya Krismasi kwenye sanduku, akimwomba mpangaji ajaye amtumie barua zake. Kadi inamfikia Sung-hyun, Desemba 1997. Yeye anashangaa, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna mtu aliyemtangulia kuishi mle. Jina la filamu kwa Kikorea ni Siworae, maana yake mapenzi yanayovuka wakati. Eun-joo ni Jun Ji-hyun. Sung-hyun ni Lee Jung-jae, ambaye watazamaji wengi wa leo walimjua baadaye kupitia Squid Game.

Barua zinakwenda na kurudi. Wanapanga kukutana kwenye ufuo wa kisiwa cha Jeju. Kwa mwanamke siku hiyo iko karibu, kwa mwanamume ni kungoja miaka miwili. Mwanamke anafika, mwanamume haonekani. Yeye anadhani amesahauliwa, na ni baada ya hapo ndipo linapokuja ombi la kumrudisha mchumba wa zamani. Anapogundua kwamba yule mtu hakumsahau bali alikufa, na kwamba alikufa akitekeleza alilomtuma, hatia inamwangukia kichwani mara moja. Barua ya mwisho anayokimbia kuiandika, ya kumsihi asiende, ni jaribio la kulipa deni. Mapenzi yamo, lakini deni limetangulia.

The Lake House ilihamisha vyote hivi Chicago. Mwongozaji ni Alejandro Agresti wa Argentina, na mswada uliandikwa na David Auburn, mwandishi wa tamthilia aliyewahi kushinda tuzo ya Pulitzer. Kate wa Sandra Bullock ni daktari, Alex wa Keanu Reeves yuko mwaka 2004, mwenzake yuko 2006. Ajali inatokea Siku ya Wapendanao 2006 katika uwanja wa Daley, basi linamgonga mtu, na Kate aliye jirani anajaribu kumwokoa bila kujua ni nani anayemfia mikononi. Ni tukio lenye nguvu. Kazi ya udaktari imechaguliwa kwa ajili ya dakika ile hasa: mwanamke mwenye ujuzi wa kuokoa anashindwa kumwokoa aliye wake. Auburn ni fundi, na hapo ufundi wake unaonekana.

Tatizo ni kwamba Kate ni shahidi tu. Hana alichotenda. Barua yake ya mwisho ni ya mtu aliyepata taarifa kwa bahati na kuiwahisha, na ya Eun-joo ni ya mtu anayejaribu kuvuta nyuma neno lililokwisha toka kinywani. Mkono wa mwandikaji unatetemeka katika filamu zote mbili, ila sababu za kutetemeka si zilezile, na mtazamaji anazihisi hata kama hawezi kuzitaja.

Miisho ya filamu hizi mbili inaachana zaidi. Katika The Lake House, Alex anaisoma barua, anajizuia, anangoja miaka miwili, kisha anafika ziwani wakati Kate bado amesimama mbele ya sanduku akilia. Kate anamjua. Anakumbuka kila barua. Wanabusiana. Wote wawili wamebeba historia ileile na wanakutana wakiwa sawa kwa sawa. Mtu akikaa na kuhesabu atauliza ni nani basi aliyefia mikononi mwa Kate, na filamu haina jibu, ila hilo si kosa kubwa. Hadithi za mapenzi husamehewa hesabu.

Il Mare inafunga kwa namna nyingine. Sung-hyun anamfikia Eun-joo siku ya kwanza kabisa, ile ya Desemba 1999, akiwa anahama na kadi ya Krismasi iko mkononi. Kwa mwanamke huyu hakuna kilichotokea. Hajaandika barua hata moja, hajakwenda Jeju, hajaomba chochote. Mbele yake amesimama mgeni. Mgeni huyo anamwambia ana hadithi ndefu sana, je, atakuwa tayari kuisikiliza? Filamu inaishia hapo. Mwanamume peke yake ndiye anayejua kwamba walipendana, na kila alichopata kwake itabidi akipate upya, kuanzia jina. Amepewa uhai wake na amenyang'anywa mwenzake wa kukumbuka naye. Hiyo ndiyo bei, na Wakorea hawakuificha.

Kwa nini Hollywood haikuthubutu kuiacha bei hiyo? Sehemu ya jibu ni waigizaji. Bullock na Reeves walikuwa hawajaonekana pamoja tangu Speed ya mwaka 1994, na watu walilipia tiketi ili kuwaona wawili hao kando kwa kando. Hadithi yenyewe inawatenganisha kwa miaka miwili tangu mwanzo hadi mwisho. Waandishi walilazimika kutafuta njia ya kuwagusanisha, ndipo likaongezwa tukio la sherehe ya kuzaliwa kwa Kate: Alex wa 2004 anakutana na Kate wa 2004, wanacheza muziki, wanabusiana, na Kate hajui kwamba huyu ndiye atakayemwandikia. Kwa sababu hiyohiyo barua zikageuzwa kuwa mazungumzo. Mmoja anasema sentensi, mwingine anadakia, kana kwamba wamekaa meza moja. Katika filamu ya Kikorea barua husomwa kama barua, na kati ya moja na nyingine kuna ukimya, kuna kupika, kuna kutembea ufukweni na mbwa, kuna kungoja. Ukiondoa kungoja katika hadithi ya barua umebakiwa na simu.

Haki itendeke: The Lake House si filamu mbovu. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 40 na ikaingiza zaidi ya milioni 110 duniani kote. Nyumba yake ya chuma na vioo ilijengwa kweli kwenye ziwa Maple, nje ya Chicago, kisha ikabomolewa baada ya upigaji picha. Christopher Plummer kama baba anaibeba sehemu ya usanifu majengo kwa uzito unaostahili. Hata mkahawa ambao wapenzi wanaahidiana kukutana umepewa jina Il Mare, salamu ya heshima kwa mama aliyeizaa filamu hiyo. Na lipo tukio la mti: Kate analalamika kwamba mtaa wake hauna miti, Alex aliye miaka miwili nyuma anapanda mche mahali ambapo jengo la Kate litasimama, na ghafla Kate anajikuta chini ya majani. Ni picha nzuri mno.

Kuhusu mti huo kuna la kusema zaidi, kwa sababu una ndugu katika filamu nyingine ya Kikorea, My Sassy Girl ya mwaka 2001. Huko wapenzi wawili wanazika barua zao chini ya mti mlimani na kuahidiana kurudi baada ya miaka miwili. Mwanamume anarudi siku iliyopangwa, mwanamke haji. Anapokuja hatimaye, anamkuta mzee ameketi chini ya mti, na mzee anamweleza: mti wenu ulipigwa radi ukafa, kijana akaja akapanda mwingine unaofanana nao, ili wewe ukirudi usihuzunike. Kijana alitaka asijue kamwe. Huo ni mti uliopandwa ili usionekane kwamba umepandwa. Wa Alex umepandwa ili mpenzi autazame na kujua nani kaupanda. Yote miwili ni mapenzi, lakini wa mlimani una mlipaji asiyedai risiti.

Biashara ya kununua hadithi hizi ina sura yake, na sura hiyo inaeleza mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtu aliyesimama katikati ya Asia na Hollywood alikuwa Roy Lee, mtayarishaji Mmarekani mwenye asili ya Korea, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Vertigo Entertainment. Alishiriki kuileta The Ring kutoka Japani, na ni miongoni mwa watayarishaji wa The Lake House. Hoja yake kwa wakuu wa studio ilikuwa rahisi kueleweka: mswada wa kawaida ni karatasi tu, hujui kama utasimama. Filamu ya Kikorea au ya Kijapani ni mswada uliokwisha pigwa picha, kuhaririwa na kujaribiwa mbele ya watazamaji. Kinachouzwa hapo ni haki ya kutengeneza upya, ambayo ni kitu tofauti na haki ya kuisambaza filamu yenyewe, na studio ikishaipata huajiri mwandishi wake na kumpa mkanda autazame.

Udhaifu wa njia hiyo uko ndani ya nguvu yake. Ukiitazama filamu kama mswada, unaona matukio: wanakutana hivi, wanagombana hivi, wanapotezana hivi. Matukio huhama bila shida. Kisichoonekana kwenye karatasi ni kanuni za jamii zinazoyapa matukio uzito: nani anaruhusiwa kumwambia nani nini, nani anawiwa na nani, aibu iko wapi. Filamu za majambazi na mizimu huvumilia uhamisho kwa sababu hofu ya kifo haihitaji mkalimani. Mwaka huohuo wa 2006 The Departed, iliyotokana na filamu ya Hong Kong, ilihamia Boston bila kuchechemea na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mapenzi ni mali ya jamii. Yakitolewa kwao hujikwaa.

Mfano mkali zaidi ni My Sassy Girl yenyewe. Chanzo chake ni visa ambavyo Kim Ho-sik aliviandika kwenye mtandao wa kompyuta wa Korea mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwongozaji Kwak Jae-yong akavifanya filamu ya zaidi ya saa mbili, na Wakorea zaidi ya milioni 4.8 wakanunua tiketi. Iligawanywa kama mechi: kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, na muda wa nyongeza. Gyeon-woo, mwanafunzi mzembe anayechezwa na Cha Tae-hyun, anamwokoa msichana mlevi asianguke kwenye reli. Ndani ya treni msichana anamtapikia mzee kichwani, anamwita Gyeon-woo "jagi", yaani mpenzi, kisha anazimia. Abiria wote wanamgeukia kijana: mchukue mtu wako. Anambeba mgongoni.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa kuliko mtazamaji wa Ohio. Kikorea kina lugha ya heshima, jondaetmal, na lugha ya kuongea na rika au mdogo, banmal, na kuchanganya hizo mbili ni kosa linalosikika mara moja, kama vile kijana ampite mzee bila shikamoo. Msichana wa filamu hii, ambaye hatajwi jina mpaka mwisho, anawafokea wanaume waliomzidi umri, anamtoa kijana kwenye kiti ili mzee akae, na anamtishia Gyeon-woo kila mara kwa neno "jugeullae?", unataka kufa? Uhondo hauko kwenye makofi anayompiga. Uko kwenye ukiukaji wa daraja: binti anavunja kanuni za maneno huku akizitetea kanuni za utu. Kiingereza hakina ngazi hizo. Msichana wa New York akimfokea mwanamume, mtazamaji anaona ukorofi tu, na ukorofi ukirudiwa mara kumi unachosha.

Halafu kuna hadithi ya Sonagi. Ni hadithi fupi ya Hwang Sun-won ambayo kila mwanafunzi wa Korea huisoma shuleni: mvulana wa kijijini anambeba mgongoni msichana kuvuka kijito kilichofurika, msichana anaugua na kufa, na wosia wake ni kuzikwa na nguo aliyovaa siku ile, yenye doa la tope kutoka mgongoni mwa mvulana. Msichana wa filamu, anayetamani kuwa mwandishi wa filamu, anataka mwisho mwingine: mvulana azikwe naye akiwa hai. Ukumbi wa Seoul ulicheka, kwa sababu kila mtu aliijua hadithi. Lakini kicheko kile kina mzigo chini yake, maana baadaye tunajua kwamba mpenzi wake wa kwanza alifariki na yeye alibaki. Anayetaka wazikwe wote ni mtu ambaye hajaanua matanga. Na yule anayebebwa mgongoni amezimia mwanzoni mwa filamu, Mkorea aliyesoma Sonagi anamwona mara mbili.

Ukielewa hivyo, ukali wote wa msichana unabadilika sura. Kulewa, kupiga, kutisha, kumlazimisha kijana avae viatu vyake vya visigino, yote ni vilio vya mtu aliyekatazwa kulia. Gyeon-woo analihisi hilo bila kuambiwa. Katika tukio bora kuliko yote, anakutana na mwanamume ambaye msichana ameletewa kumchumbia, naye anampa masharti kumi ya kuishi naye. Usimwambie awe mpole. Usimruhusu kunywa zaidi ya glasi tatu. Akikupiga na hujaumia, jifanye umeumia, na ukiumia, jifanye hujaumia. Siku ya mia moja, mpelekee waridi darasani, kwani kwa wapenzi wa Korea siku ya mia moja ni sikukuu. Miguu ikimuuma, badilishaneni viatu. Kisha anaondoka. Amemkabidhi mwenzake ramani ya mtu anayempenda, na hakujibakizia nakala.

Toleo la Marekani lilitoka mwaka 2008 likiongozwa na Yann Samuell, Mfaransa, na Elisha Cuthbert akiwa Jordan na Jesse Bradford akiwa Charlie. Lilichukua karibu saa moja na nusu. Nchini Marekani halikupita kwenye kumbi za sinema, lilikwenda moja kwa moja kwenye DVD. Jordan ni binti wa familia tajiri ya New York, Charlie ni kijana wa Indiana mwenye ndoto ndogo ya kazi ya kampuni. Hapo ndipo lilipopotea. Waandishi walitafuta tofauti ya kuziba pengo la ngazi za heshima, wakaikuta tofauti ya pesa. Lakini pesa inaleta hadithi nyingine, ya kijana wa shamba na binti wa jumba, na katika hadithi hiyo jeuri ya msichana inageuka kuwa jeuri ya tajiri kwa maskini. Haichekeshi, na msiba wake unachelewa kuaminika. Makosa ya upigaji picha au ya waigizaji ni madogo mbele ya hilo.

Kwamba kazi hii inawezekana, Wakorea wenyewe walishaonyesha. Mwaka 2003 E J-yong alitengeneza Untold Scandal kutokana na Les Liaisons dangereuses, riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1782. Hakuihamisha kwenye Seoul ya magari. Aliirudisha katika enzi ya Joseon, mwishoni mwa karne ya 18, akauliza swali sahihi: katika Korea ya wakati ule, mwanamke gani angepoteza kila kitu kwa kukubali kupendwa? Jibu lake ni mjane aliyetunza ujane wake kwa miaka, tena Mkatoliki, wakati Ukatoliki ulikuwa dini ya kujificha. Matukio mengi yalibadilika. Bei haikubadilika, na filamu ikasimama kwa miguu yake.

Mwandishi wa Hollywood aliyekabidhiwa Il Mare angeweza kuuliza swali hilohilo kuhusu Chicago. Ni ombi gani ambalo daktari wa Marekani angeona aibu kumwomba mwanamume anayempenda, na bado akaliomba? Pengine angemwomba amwendee mgonjwa aliyemfia zamani, au amzuie mzazi asiondoke nyumbani. Filamu ingekuwa na ajali ileile, basi lilelile, uwanja uleule wa Daley, na Kate angekuwa na la kujibu.

Kwa anayetaka kuzilinganisha mwenyewe, aanze na za Kikorea, tena zenye manukuu na sauti ya asili. Wengi wetu tumezoea sizoni za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na watafsiri wetu ni hodari wa kunogesha, ila katika My Sassy Girl sikio linahitaji kusikia "jugeullae" ikitoka kinywani mwa Jun Ji-hyun na kuona nyuso za wazee walio karibu. Kwenye Il Mare, azingatie ni dakika ngapi nyota wawili wanaonekana pamoja katika picha moja. Ni chache mno. Halafu afungue The Lake House na kuhesabu tena, akianzia kwenye ile sherehe ya kuzaliwa.